Mianzi ipo tele, mbona panda mwekundu anakwisha?

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, Njombe. Tulipokuwa tukisoma habari za wanyama walio hatarini kutoweka tulimkuta panda mwekundu, na wanafunzi wangu wamempenda kupita kiasi. Kitabu kinasema chakula chake ni mianzi na kwamba anakaribia kutoweka. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mianzi si inajiotea tu? Huku kwetu tunagema ulanzi kila mwaka na haiishi. Sasa huyu anakufaje na chakula kipo?" Sikuwa na jibu. Naomba utueleze: huyu ni dubu au si dubu? Ni nini hasa kinachommaliza, na mbona tunasikia panda mkubwa anaongezeka? Na je, hawezi kuletwa kwenye milima yetu ya baridi akaishi huku?

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali, na huyo mtoto mfikishie salamu zangu. Amegusa penyewe. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakipanda milima ya Himalaya kutafuta jibu la swali hilohilo, kwa sababu yapo mabonde ambayo ukifika leo utaikuta mianzi imesimama, mibichi kabisa, na panda hayupo.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba chakula hakijamwishia. Kilichomwishia ni msitu mzima ambao ndani yake anaweza kukila chakula hicho kwa usalama. Msitu ukishakatwa vipande vipande, maadui wengine wote wanapitia hapo: mbwa, ugonjwa, tanzi, mfanyabiashara wa ngozi. Ndiyo maana siwezi kukutajia muuaji mmoja. Lakini tuanze na mnyama mwenyewe, maana bila kuujua mwili wake mengine hayaeleweki.

Si dubu. Mtaalamu wa Ufaransa, Frédéric Cuvier, alimwandika panda mwekundu kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1825, miaka 44 kabla ya panda mkubwa kujulikana huko Ulaya mwaka 1869. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ni ndugu wa dubu au wa rakuni wa Marekani. Leo tunajua kuwa yupo peke yake katika familia yake, Ailuridae, na kwamba familia hiyo imo katika ukoo mkubwa mmoja na rakuni, skanki, na wanyama ambao wanafunzi wako wanawajua vizuri: nyegere, fisi-maji na kicheche. Kwa hiyo waambie kuwa nyegere wa kwetu ni binamu yake wa karibu kuliko hata panda mkubwa, ambaye ni dubu kamili. Zamani familia hiyo ilikuwa kubwa. Visukuku vya jamaa zake vimefukuliwa Ulaya, na hata Marekani katika jimbo la Tennessee. Wote wamekwisha, amebaki huyu. Akitoweka, unafungwa ukurasa wa familia nzima.

Ana ukubwa wa paka mnene, kilo 3 hadi 6, na mkia mrefu wenye mizunguko ya rangi. Wekundu wa mgongoni unafanana na kuvumwani inayoota kwenye miti ya jamii ya misonobari anamolala, na tumbo lake ni jeusi, hivyo ukiwa chini ya mti ukatazama juu humwoni kwa urahisi. Nyayo zake zina manyoya. Vifundo vya miguu yake ya nyuma vinageuka kiasi kwamba hushuka mtini kichwa kikiwa mbele, jambo ambalo wanyama wachache wanaliweza. Anaishi Nepal, Bhutan, kaskazini mashariki mwa India, kaskazini mwa Myanmar, na China katika majimbo ya Sichuan na Yunnan pamoja na kusini mwa Tibet, kwenye mwinuko wa kuanzia kama mita 2,200 hadi 4,800. Utafiti wa jenomu, yaani jeni zote za mnyama, uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kuna panda wekundu wa aina mbili, wa Himalaya na wa China, waliotengana zamani sana. Wa Himalaya ndio wachache zaidi na tofauti za kinasaba baina yao zimepungua mno. Hao ndio wanaonitia hofu kuliko wengine, na hao ndio nitakaowazungumzia zaidi.

Sasa mianzi. Ukimpasua panda mwekundu utakuta tumbo la mla nyama: fupi, sahili, halina vyumba vinne kama la ng'ombe, wala halina sehemu ya kuchachulia majani. Hata hivyo zaidi ya asilimia 90 ya anachokula ni mianzi. Mianzi hiyo hupita tumboni kwa saa mbili hadi nne tu na kutoka, naye anafaidika na takriban robo ya alichokila. Kinachobaki anakinya kikiwa bado cha kijani, na watafiti humtafuta kwa kufuata vinyesi vyake kuliko kumtafuta mwenyewe. Ili aishi, inambidi ale kwa saa nyingi, hadi 13 kwa siku, na achague. Hang'oi shina akalitafuna lote kama panda mkubwa. Anashika tawi kwa kiganja, akilibana kwa mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka ukawa kama kidole gumba cha ziada, kisha anachuma jani moja moja, lile changa, kwa pembe ya mdomo. Majira ya kuchipua hula machipukizi, ambayo yana nguvu zaidi, na vuli huongeza matunda ya porini. Mara mojamoja hupata yai au ndege.

Ni kama kibarua ambaye mlo wa leo unategemea kazi ya leo. Hana akiba. Ukimtimua mara mbili kwa siku umemnyang'anya mlo. Na hazai haraka. Jike huzaa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida watoto wawili, mwezi Juni au Julai, ndani ya pango la mti mkuukuu au kisiki kilichooza katikati. Mtoto huzaliwa akiwa na gramu 110 hadi 130, macho yamefumba, na hukaa kiotani miezi mitatu hivi. Mama akihisi usumbufu huwabeba kwa mdomo na kuwahamisha, na kila uhamisho ni hatari. Panda akipoteza watoto wa mwaka huu, anasubiri hadi mwakani.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi wako linapopata jibu. Mianzi ya Himalaya si ile minene mnayogemea ulanzi. Ni myembamba, inaota kama kichaka chini ya miti mirefu, na majani yake mazuri yapo juu, panda asikofika akiwa amesimama chini. Shina lenyewe ni jembamba, akilipanda linapinda. Kwa hiyo anahitaji kitu cha kupandia: gogo lililoanguka, kisiki, au tawi la chini la mrododendroni. Kila alipochunguzwa, Nepal kwa China, watafiti wamekuta mambo yaleyale: anapenda mahali penye mianzi mingi, ndiyo, lakini pia penye magogo yaliyolala, visiki, kivuli cha miti mikubwa, na maji karibu.

Fikiria basi mama wa kijijini anayeingia msituni kutafuta kuni. Hakati mti mbichi. Anafuata sheria. Anachukua gogo kavu lililolala, na ule mti mkavu uliosimama wenye pango, kwa sababu ndio unaowaka vizuri. Ukirudi wiki ijayo mianzi yote ipo, ukiipiga picha utaona msitu wa kijani. Lakini gogo alilopandia panda limekwenda jikoni, na pango ambalo jike angezalia limekwenda pia.

Kuna na tabia ya mianzi yenyewe. Aina nyingi za mianzi ya milimani huchanua mara moja tu katika maisha yake, baada ya miaka makumi, na huchanua zote kwa pamoja mlima mzima, kisha zinakufa. Zamani hilo halikuwa balaa. Panda alihamia bonde la pili kwenye mianzi ya aina nyingine akarudi baada ya miaka. Leo katikati ya mabonde hayo mawili kuna barabara, shamba la viazi au malisho yaliyo wazi, na panda mwekundu hapendi kabisa kuvuka mahali pasipo na miti.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kisa cha Langtang, kaskazini mwa Kathmandu, kwa sababu kinafundisha kuliko takwimu. Miaka ya 1980 mwanaikolojia wa Nepal, marehemu Pralad Yonzon, aliwafunga panda wekundu wa bonde hilo mikanda ya shingoni yenye redio na kuwafuatilia, akishirikiana na Malcolm Hunter wa Marekani. Langtang tayari ilikuwa hifadhi ya taifa. Hapakuwa na wawindaji wa kutisha. Hata hivyo watoto wa panda walikuwa wanakufa kwa wingi. Chanzo kilikuwa jibini.

Tangu miaka ya 1950 kulikuwa na viwanda vidogo vya jibini kule juu, vilivyoanzishwa kwa msaada wa wataalamu wa Uswisi, vikinunua maziwa ya chauri, yaani chotara wa yaki na ng'ombe. Watalii wa kupanda milima walikuwa wanaipenda jibini hiyo. Soko likakua, mifugo ikaongezeka. Masika ya kule yanapoanza, mwezi Juni, wachungaji hupandisha mifugo juu kufuata majani mabichi, na njia yao inapita kwenye misitu ileile, na wakati uleule, panda jike anaponyonyesha. Chauri wanakanyaga mianzi na kuila. Wachungaji wanakata mianzi ya kujengea vibanda na kuni za kupikia, na kiwandani maziwa yanapashwa moto kwa kuni. Mbwa wao wanazurura msituni mchana kutwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1991, na mpaka leo naona hakuna maandishi yanayoeleza vizuri zaidi jinsi mnyama anavyoweza kumalizwa bila mtu yeyote kukusudia kumdhuru. Mchungaji anatafuta ada ya mtoto. Mtalii anakula kipande cha jibini. Waliotoa msaada walitaka kuinua kipato cha watu wa milimani, na walifanikiwa.

Yonzon na mwenzake hawakusema viwanda vifungwe na watu wafukuzwe. Walipendekeza malisho yapangwe na mifugo idhibitiwe ili misitu ile muhimu ipate kupumua. Naungana nao kwa moyo wote. Hifadhi inayomfanya mchungaji kuwa adui haidumu milimani, kwa sababu yeye ndiye aliyepo huko miezi yote, sisi wataalamu tunakuja na kuondoka.

Sasa mbwa, maana hawa ni zaidi ya meno. Mbwa wa wachungaji na mbwa wasio na mwenyewe wanaua panda moja kwa moja, hasa watoto. Lakini wanabeba pia kirusi cha distempa ya mbwa, na mwili wa panda mwekundu hauna kinga ya kukihimili. Akiambukizwa, mara nyingi hufa. Ugonjwa huu tunaujua sisi Watanzania. Mwaka 1994 kirusi hichohicho kilitoka kwa mbwa wa vijijini kikaingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Serengeti ilikuwa na simba wa kutosha kujazia pengo, na idadi ikarudi. Sasa waza kirusi kama hicho kiingie kwenye kipande cha msitu chenye panda kumi au kumi na watano tu, ambao hawana jirani wa karibu wa kuja kuwarithi.

Utauliza, si wachanjwe? Hapana, si kwa chanjo ya kawaida. Chanjo ya mbwa iliyotengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa imewahi kuwaua panda wekundu kwenye bustani za wanyama: kile kinachomlinda mbwa kilitosha kuwapa wao ugonjwa wenyewe. Njia iliyobaki ni kuwachanja mbwa na kuwahasi ili wasizaliane ovyo, kijiji kwa kijiji. Ni kazi isiyo na picha nzuri na wafadhili hawaikimbilii, lakini ningekuwa na fedha kidogo za kumsaidia panda mwekundu ningezipeleka huko kwanza.

Kuhusu kukatwa kwa msitu, ushahidi mzuri umepatikana hivi karibuni. Mwaka 2019, mashariki mwa Nepal karibu na mpaka wa India, panda wekundu kumi walivishwa mikanda ya GPS kwa mara ya kwanza, majike sita na madume manne. Kazi hiyo iliongozwa na Damber Bista, mtafiti wa Nepal aliyekuwa akisomea Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ilionekana kuwa mahali ambapo msitu umekatika, panda hupunguza mizunguko yao ili wasikutane na watu na barabara. Kwa kujibana hivyo wanakaribiana zaidi na chui na wanyama wengine wanaowawinda, wakati mianzi na miti ya kujifichia imepungua. Kwa maneno mengine wanalazimika kuchagua hatari moja kati ya mbili. Wakibanwa muda mrefu kwenye kipande kimoja wanaanza kuzaana ndugu kwa ndugu, na hilo halionekani kwa macho mpaka watoto waanze kuzaliwa dhaifu.

Na misitu hii inakatwa na mambo ambayo hata mimi siwezi kuyakataa hadharani mbele ya wanakijiji: barabara ya kwenda zahanati, nguzo za umeme, bwawa la kufulia umeme. Karibu asilimia 70 ya makazi ya panda mwekundu nchini Nepal yako nje ya hifadhi, kwenye misitu ya vijiji na ya serikali. Tinga likipanda mlima kuchonga barabara bila mpango, linaacha kovu la udongo linaloporomoka kila masika, na upande wa chini mianzi inafukiwa. Barabara hiyohiyo ingeweza kupindishwa mita mia chache ikaacha ukanda wa miti pande zote mbili.

Uwindaji upo, ila picha yake si ile watu wanayoifikiria. Panda wengi wananaswa kwenye tanzi zilizotegewa wanyama wengine, hasa nguruwe pori na yule paa mdogo wa milimani anayeuawa kwa ajili ya miski. Zamani, kule Yunnan, kofia ya manyoya ya panda mwekundu ilihesabiwa kuleta baraka kwa bwana harusi. Siku hizi desturi hiyo imefifia. Nepal polisi wamekuwa wakikamata ngozi, na cha kusikitisha ni kwamba watafiti walipochunguza soko hawakupata wanunuzi wa maana. Watu wanaua kwa uvumi tu kwamba mahali fulani yupo tajiri atakayelipa mamilioni, wanakaa na ngozi nyumbani wakimtafuta, wanakamatwa. Wanapoteza uhuru wao na mnyama amekwisha kufa bure.

Biashara ya panda hai inanitia wasiwasi zaidi kwa sababu inakua na inapendwa. Mwaka 2018 panda wekundu sita waliokolewa nchini Laos karibu na mpaka wa China wakiwa hoi, na watatu kati yao walikufa. Mwezi Machi 2024, kwenye uwanja wa ndege wa Bangkok, maofisa walikuta panda mwekundu mmoja ndani ya mizigo ya abiria waliokuwa wanaelekea Mumbai, pamoja na wanyama wengine zaidi ya 80. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya mnyama huyu imepigwa marufuku na Mkataba wa CITES kwa kumweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza. Sheria ipo. Wanaomtaka sebuleni nao wapo.

Mabadiliko ya tabianchi nayataja kwa ufupi: joto linapopanda, mianzi na miti yake inasogea juu, na panda analazimika kuifuata. Mlima una kilele. Na kama msitu umekatika katikati, hata hiyo njia ya kupanda hana.

Ukijumlisha haya utaelewa kwa nini mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilimwingiza kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Wataalamu wake walikadiria kuwa idadi imepungua kwa nusu ndani ya vizazi vitatu, yaani miaka 18. Dunia nzima inadhaniwa hawafiki 10,000, na Nepal makadirio ni kati ya 500 na 1,000.

Panda mkubwa ni kweli ameanza kupata nafuu. Sensa ya China iliyotangazwa 2015 ilihesabu 1,864 porini, na mwaka uliofuata IUCN ikamshusha daraja la hatari. Lakini yeye anaishi nchi moja, yenye serikali yenye uwezo, iliyomfanya nembo ya taifa, ikatenga hifadhi zaidi ya 60 kwa ajili yake. Panda mwekundu wa Sichuan anafaidika kwa kuishi humohumo. Wa Himalaya yuko kwenye mipaka ya nchi kadhaa, kwenye ardhi ya watu maskini, na hakuna serikali hata moja iliyompa fedha kwa kiwango hicho. Kwa hiyo tusichukue mafanikio ya mmoja tukadhani yanamfunika mwenzake.

Kinachonipa moyo kiko kwa wanavijiji wenyewe. Nepal ina utaratibu imara wa misitu ya jamii, ambapo kijiji kinakabidhiwa msitu na kuusimamia kwa sheria zake. Shirika la Red Panda Network, lililoanzishwa 2007, linafanya kazi kwenye misitu hiyo mashariki mwa nchi, katika wilaya za Panchthar, Ilam na Taplejung, na limewaajiri na kuwafundisha wanakijiji zaidi ya 100 kuwa walinzi wa misitu. Hao hukagua njia zilezile msimu baada ya msimu, wanahesabu vinyesi, wanaona mianzi iliyoliwa, wanategua tanzi. Wapo waliopewa majiko banifu ili kuni zinazotolewa msituni zipungue, na kuna kampeni za kuchanja mbwa. Upande wa pili wa mpaka, bustani ya wanyama ya Darjeeling nchini India imekuwa ikizalisha panda wekundu na kuwarudisha porini, katika Hifadhi ya Singalila. Mwaka 2003 walianza na majike wawili. Kati ya 2022 na 2024 waliachia wengine tisa, na baadhi ya majike hao wamezaa hukohuko msituni. Ni hatua ndogo ukilinganisha na tatizo, na ina maana pale tu msitu wa kuwapokea upo.

Sasa ombi la kumleta Njombe. Baridi mnayo, nakubali, na wanafunzi wamewaza vizuri. Lakini hapana. Mianzi yenu si yake, mbwa wapo, distempa ipo, na mnyama mgeni anayeachiwa kwenye milima yenye viumbe vyake anaweza kuleta madhara ambayo hakuna awezaye kuyarudisha nyuma. Zaidi ya hayo, kumhamisha hakumwondolei mchungaji wa Langtang shida yake, na shida ile isipotatuliwa panda wa pale wataendelea kufa.

Badala yake ningependa uwaonyeshe wanafunzi kipunji. Huyo mnaye. Nyani huyu mwenye shungi kichwani hakujulikana kwa wanasayansi mpaka mwaka 2003, alipoonekana kwenye misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone ndani ya Kitulo, kisha akatangazwa duniani 2005. Yuko hatarini kwa sababu ambazo sasa mnazijua: msitu umekatika vipande, na kati ya Rungwe na Livingstone pamebaki upenyo mwembamba wa Bujingijila ambao miti yake imeliwa na mashamba na kuni. Chukueni ramani, chora msitu wa upande huu na wa upande ule, kisha muulize mtoto aliyeuliza swali: kipunji dume akitaka mke upande wa pili, anapita wapi? Atakujibu vizuri kuliko mimi, na ataelewa panda wa Ilam anaishije.

La mwisho ni video. Najua mnaziangalia. Ile ambayo panda mwekundu anasimama kwa miguu miwili na kunyanyua mikono juu, watu wakacheka wakisema anataka kukumbatiwa: pale ameogopa. Anajikuza ili adui amwogope. Mkiona video ya panda mwekundu aliyefugwa ndani ya nyumba, akivishwa nguo au akilishwa peremende, msiisambaze, maana kila anayeipenda anaongeza hamu ya mtu mwingine kumnunua. Jumamosi ya tatu ya mwezi Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Panda Mwekundu, inaadhimishwa tangu 2010. Kama darasa lako litaandaa kitu siku hiyo, hata mchoro wa ukutani wenye kipunji na panda pamoja, nitumie picha. Na huyo mtoto wa swali la mianzi, akiwa na la pili, aniandikie mwenyewe.